Kilichokuwa Macho Ndicho Kilichoungua

Maikrowevu ya Marekani ikichomekwa kwenye soketi ya Dar es Salaam haifi yote. Unasikika mlio mmoja mkavu, moshi mwembamba unatoka kwenye matundu ya nyuma, harufu ya kuungua inajaa jikoni, na kila aliyesimama pale anaamini mashine imekwisha. Kumbe sehemu kubwa ya mashine hata haijui kama kuna lililotokea. Transfoma kubwa, magnetroni inayozaa mawimbi ya kupashia chakula, kapasita, feni, taa, mota ndogo inayozungusha sahani ya kioo: vyote hivyo vilikuwa vimelala, maana hakuna aliyekuwa amebonyeza kitufe cha kuanza. Kilichokuwa macho ni bodi ya saa tu, pamoja na kipande kidogo kilichowekwa mlangoni pake kuilinda. Bodi hiyo hukesha usiku na mchana ikingoja kidole cha mtu. Umeme mkubwa ulipoingia, ulimkuta mlinzi wake.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu maikrowevu ya shangazi yangu wa Magomeni ilipoungua. Binti yake anaishi Ohio. Aliinunua huko, akaichanganya na mizigo ya Watanzania wenzake kwenye kontena moja, na ilipofika ilikuwa imefungwa kwa mablanketi, ndani yake zimejazwa nguo za watoto ili nafasi isipotee bure. Shangazi alizitoa nguo hizo moja moja, akizikunja upya, ndipo akaitazama mashine yenyewe. Aliyeichomeka ni mjukuu wake aliyekuja likizo. Kijana alikuwa na adapta yake ndogo, ile inayopokea pini bapa za Kimarekani na kutoa pini tatu za kwetu. Kwa adapta hiyo alikuwa amechaji simu na kompyuta yake tangu ashuke uwanja wa ndege, na hakuna kilichoharibika. Kwa nini maikrowevu iwe tofauti?

Simlaumu hata kidogo. Alitumia ushahidi aliokuwa nao, nao ulikuwa ushahidi wa kweli. Chaja ya simu imeandikwa 100–240V kwa herufi ambazo mtu mzima hawezi kuzisoma bila miwani. Ndani yake mna saketi inayojipima na kukubali umeme wowote ulio kati ya namba hizo mbili. Wanaosafiri na simu wamezoea hivyo, wakasahau kwamba adapta haifanyi lolote ila kubadili umbo la pini. Volti zinapita ndani yake kama zilivyo. Kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika safari nzima ndicho kilichofungua mlango, na hakikuandikwa neno lolote la onyo.

Tuliipeleka Manzese, kwa fundi ambaye kibanda chake kimejaa maganda ya redio na pasi mpaka mteja analazimika kusimama nje. Alimwamkia shangazi, akaitikiwa, akaipokea mashine kwa mikono miwili.

"Imetoka wapi hii, mama?"

"Kwa binti yangu, Marekani."

Hakuuliza imefanya nini. Aliigeuza, akawasha tochi ya simu, akasoma kibandiko cha nyuma kwa sauti: volti 120, hezi 60, wati 1,500. Shangazi akashangaa, akamwambia alidhani ataanza kwa kuulizwa habari ya ule moshi. Fundi akamjibu, "Ilichofanya nitakiona nikifungua, mama. Kwanza nijue imezoea umeme gani." Nimewaona mafundi wengi wakianza na bisibisi. Huyu alianza kwa kutaka kujua kitu kimezaliwa wapi, na tangu siku hiyo nimeamini kwamba nusu ya kazi ilikwisha pale.

Alipolitoa ganda, kabla ya kugusa chochote, alichukua bisibisi yenye mpini mrefu wa plastiki akaunganisha ncha mbili za kapasita. Hakuna kilichotokea, na alijua hakitatokea, kwa kuwa mashine haikuwa imepika. Aliifanya hata hivyo. Kapasita ya maikrowevu hufanya kazi kwenye volti elfu mbili na zaidi, na inaweza kubaki na umeme wake hata baada ya mashine kuchomolewa. Mafundi wamekufa kwa kuamini plagi iliyotoka ukutani. Katika vyombo vyote vya jikoni sijui kingine cha kuogopwa kiasi hiki kikiwa kimezimwa, na yeyote anayesoma haya akifikiri kujaribu mwenyewe nyumbani, namwomba asijaribu.

Kisha akatuonyesha. Kwenye bodi, karibu na pale waya za umeme zinapoingia, palikuwa na kisahani cha buluu kilichopasuka katikati. Upande mmoja umekuwa mweusi, na masizi yamerukia transfoma ndogo iliyo jirani. Kwenye kipande kilichobaki kizima zilisomeka tarakimu tatu: 241. Hiyo ni varista. Ndani yake mna punje za oksidi ya zinki zilizoshindiliwa na kuchomwa mpaka zikawa kauri. Michio Matsuoka wa kampuni ya Matsushita huko Japan ndiye anayetajwa kuwa mvumbuzi wa aina hii, mwishoni mwa miaka ya 1960. Siku zote punje hizo hukataa kupitisha umeme. Volti zikizidi kiwango fulani hubadilika ghafla, zikapitisha kila kitu, ili kile cha ghali kilicho nyuma yao kisifikiwe.

Zile tarakimu tatu zinaeleza mkasa wote. Mbili za kwanza ni namba, ya tatu ni idadi ya sifuri: 24 na sifuri moja, yaani volti 240. Mtu anaweza kuuliza, kama kilistahimili 240 na umeme wetu ni 230, kiliunguaje? Ni kwa sababu umeme wa ukutani unapanda na kushuka. Ile 230 tunayoitaja ni kipimo cha wastani wa nguvu yake, ilhali kileleni unafika 325, mara mia moja kila sekunde. Umeme wa Ohio kileleni unafika kama 170. Aliyeichagua varista hii aliiweka juu ya 170 kwa nafasi ya kutosha, chini ya hatari aliyoifikiria. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa kwa nyumba aliyoifikiria. Ilipofika Magomeni, kila kilele kilikuwa juu ya mpaka wake. Ikapitisha umeme, ikapasuka, na fyuzi ya kauri iliyo mbele yake ikakatika. Fundi akapima transfoma ndogo ya bodi kwa mita yake. Nzima. Kisahani hicho cha buluu kilifanya kazi kiliyowekewa, kikaifanya mara moja, kikaisha.

Si kila chombo kina bahati hiyo. Mtungi wa umeme wa kupikia wali uliotengenezwa Japan kwa volti 100 hauna mlinzi wa namna hii. Una waya wa moto na fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya sufuria. Moto wa waya haukui sawasawa na volti, unakua kwa mraba wake. Mtungi wa wati 500 ukipewa 230 unatafuta wati 2,600 na zaidi. Fyuzi ya joto ikiwahi, kitu kimepona. Isipowahi, waya wa moto umekwisha. Blenda ndiyo inayosikitisha zaidi, kwa kuwa inadanganya: ikiwashwa inalia kwa nguvu, kisu kinazunguka kwa kasi ambayo hujawahi kuiona, mwenye nyumba anafurahia kununua kitu chenye nguvu. Brashi za kaboni zinatoa cheche, vanishi ya koili inaiva, na nazi haijasagika mara ya pili mota imeshaungua. Hapo hakuna kipande cha kubadilisha. Ni kusuka mota upya, na wanaoweza kuisuka mota ndogo kiasi hicho kwa mikono wanapungua.

Namtafuta wa kumlaumu nami simwoni. Umeme wa kwetu ulitoa ulichoahidi. Mashine ilidai ilichoandikiwa. Aliyeituma alituma kwa upendo, aliyeichomeka aliichomeka kwa akili. Pengo lililoiunguza lilichimbwa kabla hata Dar es Salaam haijawa na taa mitaani. Mwaka 1882 Thomas Edison alifungua kituo chake cha Pearl Street, New York, akiuza umeme wa volti 110 hivi, kwa kuwa ndizo zilizozifaa taa zake za nyuzi za kaboni. Mwaka 1899 kampuni ya umeme ya Berlin, ikiwa na wateja wanaoongezeka na shaba ikiwa ghali, iliamua kuhamia 220. Hoja ilikuwa nyepesi: ukizidisha volti mara mbili, kazi ile ile inahitaji nusu ya mkondo, na kinachopotea njiani kama joto la waya kinashuka mpaka robo. Ulaya ikafuata mkondo wa Berlin, makoloni yakafuata Ulaya. Ndiyo maana Kenya imezoea 240 na sisi 230, na friji iliyotoka Muscat inawaka Unguja bila maswali. Wamarekani walikuwa wameshafunga taa nyingi mno kuweza kugeuka.

Tena Marekani yenyewe haiogopi volti zetu. Nyumba ya kawaida huko inapokea 240 kutoka nguzoni. Zinagawanywa mara mbili kwenye kisanduku cha ukutani, soketi za kawaida zinapata 120, na jiko kubwa la umeme linapata zote. Yaani jikoni kwa binamu yangu, hatua chache kutoka pale maikrowevu hii ingekaa, umeme wa kiasi cha kwetu upo.

Japan ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1895 Tokyo ilinunua majenereta ya Kijerumani ya hezi 50, muda mfupi baadaye Osaka ikanunua ya Kimarekani ya hezi 60, na mpaka leo nchi imegawanyika mashariki na magharibi. Tsunami ya mwaka 2011 ilipozima mitambo ya mashariki, magharibi walikuwa na umeme lakini vituo vya kubadilisha mawimbi viliweza kupitisha megawati elfu moja na ushee tu. Hati za manunuzi za wafanyabiashara wawili wa karne ya kumi na tisa ziliwaweka watu gizani katika karne ya ishirini na moja. Nikikumbuka hilo, ile maikrowevu ya Magomeni naiona kuwa imepata ajali ndogo katika ajali kubwa sana.

Wala mtu asidhani umeme usiofaa ni habari ya vitu vya ng'ambo tu. Mtaani kwetu watu husema "umeme umekuja mkubwa", na asubuhi yake mafundi wanapokea televisheni tano kutoka nyumba zinazopakana. Mara nyingi aliyefanya hayo ni nyutro iliyokatika. Umeme wa mtaa unasafiri kwa waya tatu za moto na nyutro moja. Kati ya waya mbili za moto kuna volti 400. Nyutro ikiwepo, kila nyumba inapata 230 yake kwa amani. Ikikatika, nyumba zilizo kwenye waya mbili tofauti zinajikuta zimeunganishwa mfululizo, zikigawana zile 400 pasipo usawa. Anayepiga pasi na kuchemsha maji anapata kidogo, taa zake zinafifia. Jirani aliyewasha televisheni peke yake anapata karibu zote. Mwenye matumizi madogo ndiye anayeunguliwa. Nimewahi kumweleza mama mmoja jambo hilo, akanitazama kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa ameamini miaka yote kwamba televisheni yake iliungua kwa kuwa ilikuwa ya bei rahisi.

Turudi Manzese. Fundi alichomoa varista nyingine na fyuzi kutoka kwenye bodi za zamani, akavilehemu, akaunganisha mashine kwenye transfoma yake ya kushushia umeme. Saa ikawaka kijani. Shangazi alipiga makofi. Kwa mafundi wengi kazi ingeishia hapo: lipa, nunua transfoma yako, nenda nyumbani.

Huyu akasita. Akaeleza kwamba mashine ya wati 1,500 inataka transfoma ya wati elfu mbili na kuendelea, chombo kizito kinachovuma, kinachopata joto na kukaa sakafuni jikoni ambako maji humwagika. Lakini hoja yake kubwa haikuwa uzito. Aliuliza nyumba ina watu wangapi. Shangazi akaanza kuwataja: wajukuu, binti wa kazi, wageni wa kutoka Tanga, vijana wanaokuja kupika siku ya shughuli. "Mmoja wao," akasema fundi, "siku moja ataihamishia mashine mezani na kuichomeka ukutani. Utaandika karatasi, utaibandika, mafuta yataifuta. Nitaiona tena hapa, na siku hiyo huenda mtu atakuwa ameshabonyeza kitufe."

Nadhani hakuna mwalimu wa ufundi aliyewahi kunifundisha jambo zito kuliko hilo. Matengenezo yanayomtaka kila mtu wa nyumba akumbuke, kila siku, bila kukosea, bado ni ahadi tu. Kutengeneza ni kuiondolea nyumba mzigo wa kukumbuka. Yule aliyebuni varista alifahamu hivyo: hakumwomba mtu awe macho, alikiweka kitu macho kwa niaba yake.

Fundi alikuwa na maikrowevu ya volti 230 iliyokufa kwa sababu nyingine, mlango wake umeliwa na kutu. Alipendekeza atoe humo transfoma kubwa na kapasita yake, feni, taa, mota ya sahani na transfoma ndogo ya bodi, avihamishie kwenye hii ya Ohio. Shangazi akanyamaza. Kisha akauliza alichokuwa akikiogopa: ukitoa matumbo yote, itakuwa bado ndiyo ile aliyonitumia mwanangu?

"Mlango ni wake, mama. Sanduku ni lake, vitufe ni vyake. Na hiki kinachopika chenyewe," akaigusa magnetroni kwa kucha, "nakiacha. Hiki hakijali ukuta. Kinakula kile transfoma inachokipa."

Na ndivyo ilivyo kweli. Magnetroni inahitaji volti elfu nne hivi, na haina habari kama zimetoka kwenye 120 au 230. Transfoma ndiyo inayobeba tofauti ya nchi na nchi. Tena transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 ikiwekwa kwenye 50, hata volti zikiwa sawa, chuma chake kinashiba sumaku mapema na kupata joto kupita kiasi. Kwa hiyo hata ile ya kushushia umeme isingetatua yote, kwani inashusha volti na kuyaacha mawimbi yalivyo. Fundi alikuwa anaifahamu tabia hiyo kwa mkono, kwa kuzigusa transfoma zilizofanya kazi kutwa, na alinieleza bila kutumia neno lolote la vitabuni.

Tulikubaliana. Kazi ilimchukua muda, kwa sababu mashimo ya skrubu hayakulingana na mhimili wa feni ulikuwa mfupi. Alitoboa upya, akakata, akapima, akafunga. Penye varista hakuweka tena 241. Aliweka 471, volti 470, juu ya vilele vyetu vya 325 na chini ya balaa la nyutro. Juu ya kibandiko cha nyuma akaandika kwa wino usiofutika: 230. Plagi ya pini bapa aliikata, akafunga ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13, na ile adapta akamwambia shangazi aiweke mbali na jikoni.

Limebaki jambo moja ambalo hakuweza kulibadilisha. Saa ya mashine hii haina fuwele yake ya kupimia muda. Inahesabu mawimbi ya umeme, na inaamini kwamba mawimbi sitini ni sekunde moja. Hapa yanakuja hamsini. Dakika yake ina sekunde 72, na kila saa inachelewa dakika kumi. Bodi nyingine zina mahali pa kuielekeza ihesabu hamsini, hii haina. Shangazi sasa anapasha chapati kwa kupunguza muda kidogo kuliko anaoambiwa na binti yake kwenye simu, na saa ya kijani haitazami. Ana ya ukutani.

Wakati wa kulipa, fundi alipunguza elfu kumi kwenye bei na kuomba abaki na transfoma ya zamani ya volti 120. Haikuwa na kosa lolote. Alisema atazivua koili zake na kuzisuka upya, ile ya kutolea umeme kwa waya mnene, aifanye chaja ya betri za bodaboda za pale kituoni, kwa kuwa vijana wamekuwa wakimsumbua tangu Ramadhani.